Sabuni Tuliyoizika Nyuma ya Kihenge

Ipole
Nimeanza Jumatatu, leo ni Jumatano

Mwanangu mpenzi Elia,

Pokea salamu zangu, mwanawane, nyingi kuliko zinavyoweza kuingia katika karatasi hii. Ni mimi mama yako, tena kwa mkono wangu mwenyewe. Unaona herufi zinavyopanda na kushuka kama mbuzi kwenye kichuguu. Siku zote mdogo wako Tabitha ndiye huniandikia, mimi nasema yeye anaandika, lakini barua hii nimeona nisimpe. Nilijifunza kuandika katika darasa la ubatizo, miezi minne tu, na mkono wangu umezoea mchi kuliko kalamu. Nivumilie, usome polepole kama ninavyoandika.

Sisi wote hapa ni wazima. Baba yako hajambo, anakusalimu sana. Mguu wake umepona, juzi alikwenda porini kuangalia mizinga akarudi na habari kwamba ile miwili mliyoitundika pamoja kabla hujaondoka imeingia nyuki. Alisema nikuambie hilo kabla ya jambo lolote, nami nimekuambia. Bibi yako Nyanzala hajambo. Macho ndiyo hayaoni tena vizuri, lakini masikio yake yanasikia hata lisilosemwa. Anauliza watu wa mjini wanasonga ugali au wanaukoroga tu. Tabitha hajambo, amekuwa mrefu, anafundisha watoto nyimbo siku ya Jumapili na sasa anataka kutufundisha sisi wote namna ya kufungua midomo. Baba yako mdogo Mihayo hajambo, mke wake amejifungua salama mtoto wa kike, na hata leo hawajakubaliana jina. Mchungaji hajambo, anakusalimu. Mbuzi wako mweupe ana watoto wawili, mmoja anafanana na yule aliyeliwa na fisi. Raheli hajambo. Huyo nitamrudia.

Barua yako ililetwa na dereva wa lori la nta siku ya Ijumaa. Tabitha alitusomea barazani, sote tukasikia kazi yako ya karakana ya treni na jinsi wanavyokuachia sasa kupaka grisi bila kusimamiwa. Bibi yako aliuliza grisi ni mafuta ya nyama gani. Tulicheka sana. Lakini Tabitha alipokunja barua niliona karatasi nyingine ndogo imeanguka, imekunjwa mara nne, juu yake umeandika, "Mama peke yako." Nikaifunika kwa mguu. Kesho yake nikaenda nayo mtoni kama mtu anayekwenda kufua, nikaisoma neno moja moja, siku mbili.

Umeniambia kwamba katika nyumba ulimopanga chumba pale Mtendeni, huko Tabora, yuko mama mwenye nyumba, bado kijana, na mume wake amekwenda kwenye mkonge huko Tanga, huu ni mwaka wa pili. Umesema anakupikia, ukirudi kazini unakuta chakula kimefunikwa. Anakufulia nguo. Umesema siku moja alipokupa sahani aliushika mkono wako akaushikilia, akasema, "Elia, nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja." Ukautoa mkono, ukaingia chumbani kwako, ukapiga magoti ukaomba. Umeandika: "Mama, nimelishinda jaribu." Nilipofika hapo nilimshukuru Mungu kwa sauti, mpaka mwanamke aliyekuwa ng'ambo ya mto akaacha kufua akaniangalia.

Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo, umesema nimwambie mchungaji asitangaze kwanza ndoa yako na Raheli. Asubiri kidogo.

Hapo moyo wangu ulikaa vibaya, na mpaka leo haujakaa sawa. Mtu akishinda, mwanangu, kwa nini tangazo lisubiri? Na nguo zako wiki hii amezifua nani?

Sitakuandikia maandiko. Hayo unayajua kuliko mimi, wewe ndiye uliyekuwa unanisomea nikichambua mboga. Nitakuandikia habari moja tu ambayo sijawahi kukuambia, ingawa ulikuwepo. Unakumbuka tulivyoizika sabuni?

Najua unakumbuka kidogo. Mara moja ukiwa mkubwa uliniuliza, "Mama, kile kitu tulichopanda nyuma ya kihenge cha mtama kiliota?" Nikakuambia maliza uji wako. Sasa nitakujibu.

Ilikuwa wakati wa vita ya Hitla. Wewe ulizaliwa mwaka wa nzige, kwa hiyo ulikuwa na miaka saba hivi, na Tabitha alikuwa bado hajazaliwa. Vitu vilikuwa adimu, kitambaa cha amerikani hakipatikani, chumvi haipatikani, sabuni ndiyo kabisa. Tulifua kwa maji ya majivu na mikono ikapasuka. Msimu wa asali ulifika, na baba yako na Mihayo wakajiandaa kwenda kambini, mwendo wa siku tatu ndani ya pori.

Desturi unaijua, lakini nitaisema, maana mjini mtu husahau. Mwanamume anayekwenda kambi ya asali, siku saba kabla ya safari analala kwenye mkeka wake peke yake. Hajipaki mafuta, haogi kwa kitu chochote cha kunukia, maana nyuki hawapendi harufu ngeni. Na mke anayebaki hatakiwi kugombana na mtu, wala kuingiza mwanamume ndani. Wazee wanasema mke akiharibu huku nyumbani, mume anaumwa kule mtini. Mwinjilisti wetu alikuwa anafundisha kwamba hilo la mwisho ni giza, nyuki hawajui mambo ya watu, Mungu ndiye anayejua. Sisi tuliobatizwa tuliitikia ndiyo, halafu tukaenda nyumbani tukatandika mikeka miwili.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza baba yako mimi na wewe mpaka kwenye ile njia ya zamani ya wapagazi, pale ilipochimbika kama mfereji kwa miguu ya watu. Wewe ulishuka ndani yake ukawa unatembea, kichwa tu kinaonekana. Baba yako akakuambia, "Hapa babu yako alipita na pembe ya ndovu begani mpaka pwani, na hakuna siku aliyoiweka chini kabla ya kambi." Akanigeukia mimi akasema tu, "Haya, Mama Elia." Hakunigusa, kwa sababu ya desturi. Akaenda. Nilitamani angalau angenishika mkono.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyomleta mchuuzi mmoja. Alikuwa na baiskeli, na nyuma yake sanduku la sindano, nyuzi, vifungo na vioo vidogo. Watu walimwita Bwana Kengele, kwa sababu alipiga kengele ya baiskeli tangu mbali. Wewe ulimpenda, ulikimbia kumpokea, alikuruhusu uipige. Alikuwa mtu wa maneno mazuri. Mara ya kwanza nilichukua sindano. Aliangalia mikono yangu akasema, "Mama Elia, mikono hii haikuumbwa kwa majivu."

Nikamwambia, "Na baiskeli hiyo haikuumbwa kwa mchanga, mbona unaisukuma?"

Alicheka, nami nikacheka. Nikaingia ndani nikawa bado nacheka peke yangu. Sikuona ubaya. Ulikuwa ubaya gani, mtu kucheka?

Mara ya pili alikaa barazani muda mrefu kuliko biashara. Alinieleza habari za Tabora, za stesheni, za treni zilizojaa askari wanaokwenda vitani, na jinsi wake zao wanavyolia kisha wanakaa kimya kabisa treni ikishapita. Baba yako, wewe unamjua, ni mtu mwema lakini maneno yake kwa siku moja unaweza kuyashika kiganjani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilianza kusikia kengele kabla haijapigwa. Asubuhi nilikuwa nafunga kanga yangu nzuri halafu najiuliza nimeifunga kwa ajili ya nani.

Nakuandikia haya nikiona haya, Elia. Mama hamwandikii mtoto wake mambo kama haya. Lakini wewe umeniandikia ukweli wako kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, nami siwezi kukurudishia mahubiri.

Mara ya tatu mvua ilikuwa inanyesha, ile ya mwisho ya msimu. Aliegemeza baiskeli ukutani akaomba maji. Nikampa. Akasema barazani panavuja, akaingia ndani hatua mbili. Maharagwe yalikuwa jikoni, wewe ulikuwa sakafuni unabangua karanga. Alinishika hapa, kwenye kifundo cha mkono, taratibu, kama mtu anayeshika kifaranga.

Nikamwambia, "Mume wangu yuko porini na nyuki."

Akasema, "Nyuki wako mbali. Mimi niko hapa."

Mwanangu, sitakudanganya kwamba nilikasirika. Sikukasirika. Mkono wangu haukutaka kutoka. Nilitaka kuomba na sala haikuja, hata Baba Yetu ilinipotea njiani. Kilichokuja ni sauti yako. Ulisema, "Mama, maharagwe yanaungua." Basi. Ni hilo tu Mungu alilonitumia, maharagwe. Nikakushika mkono tukatoka kwenye mvua, sikujifunika, sikuzima moto, tukakimbia mpaka kwa bibi yako. Nilimwachia mtu mgeni nyumba, chungu na kila kitu. Bibi yako alitutazama tunavyochuruzika maji, akasema, "Karibuni mkaukie." Hakuuliza.

Mvua ilipokatika tukarudi. Maharagwe yalikuwa makaa. Yeye alikuwa ameondoka, na sijamwona tena mpaka leo. Lakini juu ya kinu aliacha kitu kimefungwa kwa karatasi ya rangi ya waridi. Sabuni. Nilipoifungua nyumba nzima ilijaa harufu, wewe ukasema, "Mama, ni tunda gani?"

Hapo ndipo nilipopaswa kuitupa mtoni. Nilijiambia nini? Nilijiambia, nimeshinda. Yeye nimemkataa, sabuni haina kosa. Wakati wa vita nani anatupa sabuni? Nikaificha ndani ya mtungi wa mbegu za karanga. Na kila siku, nikienda kuchukua mbegu ambazo sikuwa na haja nazo, nilikuwa nafunua mtungi nainusa, nafunika. Jumapili niliimba kanisani na vidole vyangu vinanukia.

Baada ya wiki mbili Mihayo alirudi kutoka kambini kuchukua unga. Akasema shati moja la kaka yake limechanika kwa miiba, nimpe lile jingine. Lilikuwa chafu. Nikalifua kwa sabuni ile. Wewe ndiye uliyeniletea maji. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya vile. Binti yeyote wa Ipole anajua kwamba nguo ya mrina asali hainukii kitu. Nilijua hivyo tangu sijaota meno. Nadhani nilitaka sabuni ile ifanye kazi moja njema, ili nisiwe tena na deni moyoni. Nilitaka kumfanyia baba yako kitu kizuri kwa kitu kibaya. Nilipofua, akili yangu ilikuwa kwenye dhambi, haikuwa kwenye nyuki. Nikalikunja likiwa bado na unyevu, nikalifunga ndani ya mkeka, nikalisukuma katikati ya mzigo wa unga, Mihayo hakulisikia harufu. Akaenda.

Siku ya tisa walimrudisha baba yako kwa machela. Hili unalikumbuka, najua, maana ulijificha nyuma yangu ukasema, "Huyu si baba." Uso wake haukuwa uso. Macho yalikuwa yamefunga, midomo imekuwa kama miguu ya mtoto. Alikuwa ameshapanda juu kwenye mzinga jua likielekea kuzama, moshi mzuri tu, kila kitu kama kawaida, na nyuki wakauacha moshi wakaliendea shati. Alishuka kwa kuanguka.

Kisimani wanawake waliacha kuongea nilipofika. Mmoja wao, aliyekuwa rafiki yangu, alisema akiangalia kata yake ya kuchotea maji, "Nyuki wamesema." Mwingine akajibu, "Na baiskeli nayo ilisema." Nikabeba mtungi wangu nusu, nikarudi. Mwinjilisti alikuja kutuombea, akawaambia watu waache giza, lakini hata yeye nilimwona anaangalia alama ya tairi barazani iliyokauka kwenye tope.

Bibi yako ndiye aliyeniuliza waziwazi. Aliniita nyuma ya nyumba. "Mkwe wangu, kuna mtu?"

"Hakuna, mama."

"Aliingia?"

"Aliingia hatua mbili. Mimi nikatoka nikaja kwako."

"Ile siku ya mvua."

"Ile siku ya mvua."

Akasema, "Basi." Tangu hapo akawa anakwenda na mimi kisimani, yeye mbele, fimbo mkononi, na hakuna aliyesema tena. Lakini sikumwambia habari ya sabuni.

Siku nane nilimlisha baba yako uji kwa kijiko cha mbao, na wewe ukawa unamfukuzia nzi kwa tawi. Siku ya nane jicho moja lilifunguka. Aliniangalia nalo muda mrefu. Kisha akasema, maneno yanatoka kwa shida, "Mama Elia, ile sabuni uliipata wapi?"

Nikamwambia yote. Nilianza na sindano nikamaliza na mtungi wa mbegu. Nilikuwa nimepiga magoti, bakuli la uji mkononi, likapoa hapohapo. Hakunikatisha. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo ulitoka."

"Nilitoka."

"Halafu ukarudi kila siku."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningeweza kujitetea. Akasema, "Ilete." Nikaileta. Akaiweka karibu na pua yake iliyovimba, akavuta. Akasema, "Inanukia vizuri, kwa kweli." Akataka kucheka, midomo ikamuuma, machozi yakamtoka, nami nikashindwa kujua ni machozi ya kitu gani. Kisha akaniambia neno ambalo sitalisahau. "Mimi nililisikia harufu shati lile nilipolifungua. Mrina asali anajua. Lilikuwa la kuvaa kambini tu, la kupumzikia. Lakini ile jioni nilipanda nalo, kwa sababu nilikukumbuka. Nilitaka kupanda na wewe."

Akanirudishia sabuni. Halafu akasema, "Kaizike. Usiitupe, mtu ataiokota."

Ndipo tulipokwenda mimi na wewe nyuma ya kihenge. Nilichimba kwa jembe, wewe ukaishika sabuni kwa mikono miwili kama yai. Ukauliza, "Tunapanda?" Nikasema ndiyo, maana sikuwa na neno jingine. Ukaiweka wewe mwenyewe, ukafukia. Siku tatu ulikuwa unaimwagilia maji kwa kibuyu chako. Baba yako alikuona akiwa mlangoni, ameegemea fimbo, jicho moja wazi, akaniambia, "Mwache. Labda itaota jani." Tulicheka pamoja, na huo ulikuwa mwisho wa jambo lile katika nyumba yetu.

Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani na uso ule. Baada ya ibada alisimama akawaambia watu, "Mke wangu hana kosa. Shati langu lilinukia sabuni, na mimi ndiye niliyelivaa nikijua." Akakaa. Mimi nilijizuia Meza ya Bwana mara ile moja, si kwa sababu ya watu, nikaenda kwa mchungaji wa wakati ule nikaungama habari ya mtungi. Aliniuliza sabuni iko wapi sasa. Nikamwambia imezikwa. Akasema nije mezani, na nikaja.

Sasa unajua kile tulichopanda.

Kwa hiyo, Elia, nimesoma karatasi yako kwa macho ya mtu aliyewahi kuficha kitu kwenye mtungi. Mkono umeutoa, nakuamini. Ulipiga magoti, nakuamini. Lakini sahani iliyofunikwa bado unaifunua. Shati bado unalivaa likiwa na mkunjo wa mikono yake. Na Raheli unamwambia angoje. Hiyo ndiyo sabuni yako. Sisemi umeanguka. Nasema umetoka na unarudi kila siku, kama alivyoniambia baba yako.

Nilikuwa nafikiri usafi ni kuwa mtu asiyetamani. Ningekuwa hivyo ningekuwa kinu. Mimi nilitamani, na Mungu aliniona natamani, na bado alinitumia maharagwe. Nadhani hakunidai ile tamaa ya ghafla. Alinidai ile niliyoitunza, niliyoifunika kwa mbegu.

Na yule mama wa nyumba, usimseme vibaya, hata moyoni, hata ukiungama. Mimi siwezi kumchukia, nimejaribu tangu Jumamosi. Namjua. Yuko peke yake mwaka wa pili, anasikia hatua zako uani kabla hujafika. Anafunga kanga yake nzuri. Jana niliposimama na mchi mkononi ndipo nilipoelewa jambo lililonifanya niketi chini: katika nyumba ile, mwanangu, kengele ni wewe. Wewe ndiye unayepita mlangoni kwa mwanamke ambaye mume wake hayupo. Sikukulea uwe kengele ya mtu. Huko Tanga yuko mwanamume anakata mkonge, naye labda anahesabu siku za kurudi, na wewe unakula kwenye sahani yake.

Hama. Usikae ukijadiliana na nafsi yako, usingoje uwe na nguvu. Mimi sikuwa na nguvu, nilikuwa na miguu tu. Muage yule mama mchana, mlango ukiwa wazi na watu wakipita, mshukuru kwa chakula chake, mwambie unakwenda kuoa. Kama shati lako liko kwenye kamba yake, liache. Nenda kwa Mzee Salumu mshona kanzu, hapohapo Mtendeni, yule ambaye baba yako hulala kwake akipeleka nta. Ana chumba uani. Yeye ataswali kwao na wewe utasali kwenu, naye atakuamsha alfajiri utake usitake. Umwamkie shikamoo yangu na ya baba yako, atajua wewe ni nani.

Sasa Raheli. Alikuja Jumamosi kunisaidia kutwanga. Anasuka mkeka, amefika katikati. Aliniuliza, hakuniangalia, "Mama, Elia amesema nini habari ya tangazo?" Nikamwambia barua bado haijasomwa yote. Nimesema uongo kwa ajili yako, na sitausema tena. Kama humtaki Raheli, sema humtaki, nitamwambia mimi na tutalia wote wawili, kisha ataolewa na mtu anayemtaka. Lakini kama unamwahirisha kwa sababu ya sahani iliyofunikwa, hapana. Huyo si wa kungojeshwa mlangoni.

Baba yako sikumwambia. Karatasi yako nimeificha, uone nilivyo, bado naficha vitu. Lakini leo mchana, nikiwa naandika ukurasa ule wa mvua, alikuja akasimama nyuma yangu. Kusoma hasomi, wajua. Akauliza, "Mama Elia, barua gani hiyo ya siku tatu?"

"Ya mwanao."

Akakaa. Akawa anachonga kigingi cha mzinga. Baada ya muda akasema, "Umemwandikia habari ya sabuni?"

Sikujua amejuaje. Nikasema, "Nimemwandikia."

"Na ya kwamba nililivaa nikijua?"

"Hiyo pia."

Akasema, "Vema. Asije akadhani ni wewe tu." Akaendelea kuchonga.

Nakutumia shati hili jipya, kitambaa chake alikinunua baba yako mwenyewe. Nimelifua kwa majivu. Linuse, utaona halina harufu yoyote. Livae siku utakayohama.

Lori linaondoka kesho alfajiri na linarudi Jumamosi. Usingoje posta, mpe dereva yuleyule. Sitaki barua ndefu, huna haja ya kunieleza chochote. Andika neno moja tu juu ya karatasi isiyokunjwa, Nimehama, ili Tabitha alisome kwa sauti mbele ya wote, na Jumapili mchungaji atatangaza mara ya kwanza. Nitakuwa barabarani tangu asubuhi. Usinifanye nimuulize dereva mara mbili.

Mimi mama yako anayekupenda, aliyekuwa nawe kwenye mvua,

Mama Elia